Draibegi nyepesi za safari ya baiskeli wakati wa masika: kitambaa gani, ujazo gani?

PedaliMoshi

Wakuu, salaam.

Naandaa safari ya baiskeli ya mwezi wa nne: Moshi, Same, Mombo, kupanda Lushoto, kisha kushuka Korogwe, Muheza, Tanga hadi Pangani. Masika yatakuwa yamekolea, kwa hiyo nachukulia kwamba mvua ipo kila siku na matope yapo kila mahali.

Baiskeli ina karia ya chuma nyuma, madigadi mbele na nyuma, na mikoba miwili ya pembeni ya kanvasi, lita 20 kila mmoja. Kanvasi ni ngumu na imeshonwa vizuri, ila haizuii maji. Sitaki kununua mikoba mipya. Nataka draibegi, yaani mifuko isiyopitisha maji yenye mdomo wa kukunja, za kuweka ndani ya hii niliyonayo, na moja ya kufunga juu ya karia.

Mzigo: hema la mtu mmoja, begi la kulalia la sintetiki na shuka, nguo seti mbili, sweta, koti la mvua, simu, powerbank, taa, nyaraka, spana, tyubu mbili za akiba, sufuria na jiko dogo la gesi, chakula cha siku mbili.

Lengo ni draibegi zote kwa pamoja zisizidi gramu 500. Naomba msaada kwenye haya: kitambaa gani kinafaa, nichukue ujazo gani, na je, ni bora mfuko mmoja mkubwa kwa kila mkoba au vidogo vingi?

---

FundiTurubai

Mkuu, usianze na jina la kitambaa, anza na mahali mfuko utakapokaa. Mfuko ulio ndani ya mkoba wa kanvasi hausuguliwi na chuma wala miba, na baiskeli ikianguka hauburuzwi kwenye changarawe. Kazi yake ni moja tu, kuzuia maji, kwa hiyo unaweza kuwa mwembamba kabisa. Mfuko wa juu ya karia ni habari nyingine: unabanwa na mipira, unasuguliwa kwenye kila shimo la barabara, unapigwa jua mchana kutwa. Hapo wembamba ni hasara.

Sokoni utakutana na makundi manne.

La kwanza ni nailoni ya 20D au 30D iliyopakwa silikoni. Hiyo D ni kipimo cha unene wa uzi, namba ikiwa ndogo uzi ni mwembamba. Kitambaa hiki kina uzito wa kama gramu 50 kwa mita ya mraba. Kinateleza, kwa hiyo mfuko uliojaa unaingia mkobani bila kung'ang'ania. Tatizo lake ni mshono. Tepu za kuzibia mshono hazishiki juu ya silikoni, hivyo mshono unatakiwa kuzibwa kwa gundi ya silikoni, na watengenezaji wa bei nafuu mara nyingi hawauzibi kabisa. Kuna pia toleo la poliesta lenye silikoni. Halilegei likilowa kama nailoni inavyolegea, lakini huchanika kwa urahisi kidogo zaidi.

La pili ni nailoni ya 70D iliyopakwa PU (poliurethani, aina ya plastiki) upande wa ndani, kama gramu 100 kwa mita ya mraba. Tepu inashika vizuri. Hasara yake ni kwamba PU huoza polepole kwenye joto na unyevu: huanza kunata, hutoa harufu ya uchachu, kisha hubanduka magamba. Nyumba za Tanga na Pangani zinaharakisha jambo hilo, kwa hiyo usiihifadhi ikiwa imekunjwa na ina unyevu.

La tatu ni nailoni ya 210D hadi 420D yenye tabaka la TPU, yaani poliurethani inayolainika kwa joto, gramu 250 hadi 300. Hii huchomelewa kwa joto badala ya kushonwa, kwa hiyo haina matundu ya sindano. Ndiyo ninayoipendekeza kwa juu ya karia.

La nne ni PVC, yaani turubai lile lile la lori, gramu 650 kwenda juu. Haliogopi kitu, lakini uzito wake unakutoa kwenye lengo lako mara moja.

Ukitaka kuona tofauti kwa hesabu, chukua mfuko wa lita 13: kipenyo sentimita 20, kimo sentimita 41, ongeza sentimita 8 au 9 za kukunja mdomo. Eneo la kitambaa ni kama mita ya mraba 0.35. Kwa nailoni ya silikoni hiyo ni gramu 17 au 18 za kitambaa, na ukijumlisha klipu, utepe mgumu wa mdomo na mishono unafika 40 hadi 45. Kwa 70D ni gramu 70 hivi. Kwa 420D yenye TPU ni 130. Kwa turubai la lori ni 250. Ujazo ni ule ule.

Kwa mzigo wako ningepanga hivi. Ndani ya kila mkoba, mfuko mmoja mkubwa wa 30D wa lita 30 unaofunika mkoba wote. Miwili ni kama gramu 120. Ndani ya mmoja wao, mfuko wa lita 13 wa begi la kulalia na shuka, gramu 45. Mfuko wa lita 5 wa 70D wa simu, powerbank na nyaraka, gramu 45. Juu ya karia, mfuko wa lita 20 wa 420D, gramu 170. Jumla ni gramu 380. Unabaki na nafasi ya kuongeza mfuko wa nguo zilizolowa.

Usishangae kuona lita 30 kwa mkoba wa lita 20. Mfuko wa ndani lazima uwe mkubwa kuliko mkoba, ili uzito wa vitu ubebwe na kanvasi na kitambaa chembamba kibaki kimelegea. Ukiweka mfuko wa lita 20 ndani ya mkoba wa lita 20, sufuria itausukuma, mfuko utavutika, na mshono wa chini ndio utakaoachia kwanza. Tena mdomo unakula ujazo wakati wa kukunja.

---

Milimita

Naongezea hapo kwenye namba za maji, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Lebo ya kitambaa huandikwa milimita: 1,500, 3,000, 10,000. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuhimili kabla hakijaanza kuvuja. Mvua yenyewe ina presha ndogo, kwa hiyo 1,500 inatosha kwa mvua inayoanguka juu ya mfuko ulioachwa huru. Mambo hubadilika pale mfuko uliolowa unapobanwa. Chukua mzigo wa kilo 8 uliokalia vyuma vya karia, sehemu inayogusana iwe sentimita 2 kwa 20. Hiyo ni presha ya kama milimita 2,000 za maji pale pale kwenye chuma. Kitambaa cha 1,500 kitapitisha maji kwenye mstari huo hata kama hakina tundu, na mtu ataanza kutafuta tundu lisilokuwepo.

Kwa hiyo 1,500 hadi 2,000 ni sawa kwa mifuko ya ndani ya mkoba. Kwa ule wa juu ya karia usishuke chini ya 5,000.

Alama za IPX, yaani viwango vya kifaa kuzuia maji, nazo zisomwe kwa makini. IPX4 ni matone ya kurushwa kutoka pande zote. IPX6 ni maji ya kasi kutoka kwenye bomba. IPX7 ni kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kipimo cha IPX7 hakimaanishi kwamba kifaa kimepimwa pia kwa maji ya kasi, ni vipimo viwili tofauti. Kwa baiskeli, adui mkubwa ni maji yanayorushwa na tairi ya nyuma, na hayo yanapiga kutokea chini kwenda juu. Mfuniko unaozuia mvua ya juu unaweza kushindwa kabisa na hayo. Madigadi uliyonayo yana faida kubwa. Ongeza kipande cha mpira chini ya lile la mbele, kishuke hadi sentimita 5 au 6 kutoka ardhini. Miguu, mnyororo na uso wa mbele wa mikoba vitapata nafuu.

---

SpokuMoja

Mbona mnaenda mbali jamani? Mifuko miwili mikubwa ya plastiki ya dukani ndani ya kila mkoba, unafunga fundo, kazi imeisha. Gramu 30.

---

DadaGia

@SpokuMoja hiyo ilikuwa njia ya zamani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Mifuko mbadala inayotolewa madukani sasa ni ya nyuzi zilizogandamizwa, inapitisha maji kama kichujio. Usiitegemee hata kwa soksi.

Hata kwa mwenye plastiki halali, kama ile nene inayokuja na bidhaa za kiwandani, fundo halizuii maji. Linaacha mikunjo, na maji hufuata mikunjo hiyo hadi ndani. Ukiitumia, sokota shingo ya mfuko mara nyingi, ikunje iwe kitanzi, kisha funga kitanzi hicho kwa utepe wa tyubu. Bado itatobolewa na spana.

@PedaliMoshi, spana usiziweke kwenye draibegi kabisa. Chuma chenye unyevu ndani ya mfuko usiopumua kinapata kutu usiku mmoja. Zifunge kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo ya mnyororo, uziweke kwenye mfuko wa nje wa mkoba. Tyubu za akiba pia hazihitaji kukingwa na maji, zinahitaji kukingwa na spana: zisugue na poda, zifunge kwenye kitambaa, ziwe mbali na ncha.

Jiko na sufuria viache nje ya draibegi, chini ya mkoba. Vikilowa havina hasara, na masizi yake yanachafua kila kitu.

---

MkunjoTatu

Naona hakuna aliyegusa mdomo wa mfuko. Draibegi nyingi huvuja mdomoni zikiwa nzima kabisa, na mwenye nayo analaumu kitambaa.

Utaratibu wa kufunga ni huu:

1. Jaza mfuko hadi robo tatu tu. Mfuko wa lita 13 ubebe vitu vya lita 10. Ukijaza hadi juu hupati nafasi ya kukunja.
2. Toa hewa. Uweke mfuko chini, ukandamize kwa goti ukiwa umeacha mdomo wazi kidogo, kisha uushike mdomo haraka.
3. Futa mdomo kwa kidole, pande zote mbili. Punje za mchanga, uzi wa nguo au kona ya shuka vikibaki hapo vinaacha njia ya maji.
4. Linganisha pande mbili za mdomo, unyooshe usiwe na kikunyo hata kimoja. Kikunyo kimoja kwenye mkunjo wa kwanza ni mfereji.
5. Kunja mara tatu kamili kwa uchache, mkunjo wa sentimita 2 hadi 3 kila mmoja. Mara nne ni bora kwa mfuko wa juu ya karia.
6. Pinda ncha mbili kwenda upande ulio kinyume na ule ulioelekea wakati wa kukunja, ndipo ufunge klipu. Ukizipinda kuelekea mikunjo, mikunjo hulegea yenyewe.

Mfuko ukifungwa, ile ncha iliyopinda inatengeneza kikombe. Ukiuweka juu ya karia huku kikombe kimeangalia juu au mbele, maji yanajaa humo na kukaa mchana kutwa, na kila mtikisiko unayasukuma ndani. Laza mfuko mdomo ukiwa umeelekea pembeni au nyuma, na ncha zikiangalia chini. Mifuko mirefu ya kufunga kwenye usukani yenye midomo miwili, kushoto na kulia, inahitaji uangalifu mara mbili, kwa sababu mwenye nayo hukunja vizuri mdomo mmoja na kuharakisha wa pili.

Zipu zinazoandikwa kwamba hazipitishi maji, nyingi zinapunguza tu. Mchanga mwekundu wa Usambara ukiingia kwenye meno ya zipu ya aina hiyo, ule mpira unaoziba huanza kutoka. Kwa masika chagua mdomo wa kukunja.

---

PedaliMoshi

Asanteni sana wakuu, nimeandika kila kitu.

Maswali mawili zaidi. Nimeona mifuko dukani yenye lebo tu kwamba haipitishi maji, hakuna milimita wala aina ya kitambaa. Nitaipimaje kabla ya kununua au kabla ya kuondoka? Na nikikuta mshono haujazibwa, naweza kuuziba mwenyewe?

---

FundiTurubai

Dukani, pale pale, bila maji: fungua mfuko, uchukue hewa kwa kuupunga, ukunje mdomo mara tatu, funga klipu, kisha ukumbatie na uubane kwa nguvu huku sikio likiwa karibu na mshono. Mfuko mzima hubaki mgumu kwa muda mrefu. Ukilegea ndani ya nusu dakika, weka chini uendelee na mwingine. Pia uugeuze nje ndani uutazame dhidi ya mwanga: tepu ya mshono iwe imenyooka, isiyo na mapovu, na ifike hadi kona za chini. Kona za kitako ndizo zinazoachwa bila tepu, kwa sababu ni ngumu kwa mashine.

Kutambua upande wenye silikoni na ule wenye PU: silikoni huteleza sana kama ina mafuta, na tepu ya kawaida ya karatasi ikibandikwa inabanduka yenyewe. Upande wa PU unakwaruza kidogo kidoleni na tepu inashika. Hili ulijue kabla ya kununua gundi yoyote.

Nyumbani pima kwa maji, njia mbili. Ya kwanza ni kujaza hewa, kufunga, na kuuzamisha mfuko kwenye ndoo au beseni huku ukiuminya. Mapovu yanaonyesha tundu, weka alama kwa kalamu. Ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mishono: geuza mfuko nje ndani, mimina maji lita 2 au 3, utundike kwa dakika 30, halafu pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye mishono yote. Karatasi inaonyesha hata unyevu ambao jicho haliuoni. Usijaze maji hadi juu kwenye mfuko wa 30D. Lita 20 ni kilo 20, utavuta mishono bure.

---

Milimita

Kuhusu kuziba mshono: ndiyo, ila gundi ifuate kitambaa.

Silikoni hushikwa na silikoni tu. Chukua silikoni ya mafundi vioo na aluminiamu, isomeke kwamba ni silikoni asilimia 100, rangi isiwepo. Ile ya akriliki ya kuzibia nyufa za ukuta haifai, itapasuka. Kama inanukia siki wakati inakauka hakuna shida kwa kitambaa, lakini usiipake karibu na vyuma, maana asidi hiyo inaleta kutu.

Safisha mshono kwa spiriti, uache ukauke. Unaweza kupaka silikoni ikiwa nzito kama ilivyo, kwa kidole chenye glavu, ukiisukuma iingie kwenye matundu ya sindano na kuifuta ibaki tabaka jembamba. Ukitaka iingie vizuri zaidi, changanya sehemu 1 ya silikoni na sehemu 2 hadi 3 za tapentaini ile ya madini ya wapaka rangi, ukoroge kwenye kikopo cha bati hadi iwe laini, upake kwa brashi ndogo. Usitumie thina ya rangi ya magari. Ni kali na inaharibu vitambaa vyenye PU. Fanya kazi nje, mbali na moto, na mfuko uwe umejazwa karatasi ili mshono ufunguke. Upana wa mstari uwe sentimita 1 tu, kila gramu unayopaka unaibeba. Acha saa 24, kisha paka poda ya mtoto ili isinate inapokunjwa.

PU inataka gundi ya uretheni. Silikoni juu ya PU inabanduka kama ganda.

Solusheni ya kubandikia viraka vya tyubu ni ya mpira. Kwenye silikoni haishiki kabisa. Kwenye PU inashika siku chache. Kwenye PVC inaonekana imeshika halafu inalainika, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye PVC huihujumu. Kwa turubai la PVC nenda kwa fundi wa maturubai mwenye bunduki ya hewa moto, aunganishe kwa mpishano wa sentimita 3 au 4. Ni kazi ya dakika chache.

Njiani beba kipande cha tepu ya viraka kwa upande wa PU, na kitambaa kidogo cha silikoni chenye kitone cha gundi yake. Kata viraka viwe vya mviringo, kona za kiraka ndizo zinazoanza kunyanyuka.

---

KariaNzito

Nachangia kwenye kufunga mzigo, maana mfuko mzuri unaharibiwa na karia.

Pitisha kidole juu ya vyuma vyote vya karia kabla ya kitu kingine. Karia nyingi za baiskeli za kazi, kama zile za Phoenix, zina madoa ya kuchomelea yenye ncha, na mahali rangi imetoka pana kutu inayokwaruza kama msasa. Piga tupa ncha zote, kisha zungushia vyuma tyubu kuukuu iliyokatwa utepe wa sentimita 3, kila mzunguko ukalie nusu ya ule wa kabla. Hii inalinda mfuko wa juu na inazuia mzigo kuteleza.

Kwa kufungia, mipira ya tyubu ni bora kuliko kamba zenye ndoano za chuma. Ndoano ikichomoka inachana kitambaa. Kata tyubu kwa urefu, utepe wa sentimita 4, urefu wa mita 1.5 hadi 2 kila mmoja, mitatu inatosha. Pitisha mmoja karibu na kila mwisho wa mfuko na mmoja katikati. Usipitishe juu ya klipu ya mdomo.

Mikoba yako ya kanvasi toboa tundu chini kabisa, kwenye kona ya nyuma, milimita 6, utie jicho la chuma ili pasichanike. Kanvasi isiyozuia maji inayapokea na kuyahifadhi. Bila tundu utakuwa umebeba lita moja ya maji chini ya mkoba, na draibegi yako imeogelea humo siku nzima. Kwa tundu hilo maji yanatoka yenyewe.

Hema usiliweke kwenye mfuko mmoja na vitu vikavu. Asubuhi ya masika hema linafungwa likiwa limelowa, hata kama mvua imekata, kwa sababu ya umande na pumzi ya aliyelala. Liweke peke yake kwenye ule mfuko wa lita 20 wa juu ya karia. Hapo draibegi inafanya kazi kinyume: inazuia maji ya hema yasishukie mikobani. Ukifika, toa hema kwanza, ugeuze mfuko, uuache wazi.

Jambo la miinuko nalo lipo. Mombo ipo kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400. Hewa iliyobaki ndani ya mfuko uliofungwa Mombo itatanuka kwa kiasi cha asilimia 10 ukifika juu, mfuko utavimba na mdomo kubanwa. Hilo si baya sana. Baya ni kurudi: mfuko uliofungwa Lushoto unanywea unaposhuka, mipira inalegea, na mzigo unaanza kucheza ukiwa kwenye kona na mteremko. Simama kwenye kona chache za mwanzo, kaza mipira upya, na kaza tena ukifika Mombo.

---

DadaGia

Nimalizie na vitu vya umeme na unyevu wa ndani, maana hapo draibegi hugeuka mtego.

Mfuko usiopitisha maji hautoi pia maji. Ukifungia shati lenye jasho pamoja na begi la kulalia, unyevu wa shati utahamia kwenye begi hadi jioni. Ndiyo maana ile nafasi iliyobaki ya gramu ni bora iwe mfuko wa lita 8 wa nguo zilizolowa, wa 30D, gramu 35 hivi. Kila kinacholowa kinaingia humo bila mjadala.

Simu na powerbank: mfuko wa lita 5 wa 70D, ndani yake vifuko vya kukausha vile vinavyokuja kwenye viatu vipya, vitatu au vinne. Vikishashiba unyevu havisaidii, kwa hiyo vikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo kabla ya safari, visiungue. Mfuko huo usiwe mweusi na usikae juu kabisa ya mkoba. Powerbank kwenye mfuko mweusi ulio juani inapata joto la kuidhuru. Nyaraka zitie kwenye kifuko chake kingine ndani ya huo, kwa sababu mfuko wa simu unafunguliwa mara nyingi, tena mvuani.

Dawa ya mbu yenye DEET iweke mfuko wa nje, imefungwa wima. Nailoni haiidhuru, lakini inayeyusha plastiki kadhaa, na klipu au dirisha la plastiki la mfuko vinaweza kulainika ikimwagikia hapo.

Chagua rangi tofauti kwa kila mfuko, na ndani iwe rangi nyepesi kama kijivu au njano. Ndani ya mfuko mweusi hutaona taa ya kichwa hata ukiimulika.

Ukifika Pangani, na kama utavuka kivuko kwenda Bweni, chumvi itakuwa imeingia kwenye klipu na kwenye mikanda. Suuza mifuko yote kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, bila sabuni ya unga, itundike kivulini mdomo ukiangalia chini, kisha igeuze nje ndani hadi ikauke kabisa. Usiikunje kwa kuhifadhi. Iweke imelala bapa na mdomo wazi, sehemu isiyopata jua.

---

MkunjoTatu

@PedaliMoshi kabla ya kuondoka Moshi, fanya jaribio la mzigo mzima. Funga kila kitu kama utakavyosafiri, weka karatasi kavu ya gazeti ndani ya kila mfuko, moja chini na moja mdomoni. Mmwagie baiskeli maji ya bomba kwa dakika 15, na mtu mwingine azungushe gurudumu la nyuma ili maji yapande kutoka chini. Gazeti la mdomoni likilowa, rudia kukunja. La chini likilowa, angalia mshono wa kitako na vyuma vya karia.

---

PedaliMoshi

Nimeelewa. Orodha ninayokwenda nayo dukani: lita 30 mbili za 30D, lita 13 moja na lita 8 moja za 30D, lita 5 moja ya 70D, lita 20 moja ya 420D iliyochomelewa. Jumla gramu 415. Mikoba naitoboa wiki hii, na karia naizungushia tyubu. @FundiTurubai, jicho la chuma la milimita 6 fundi viatu anaweza kulipiga?

---

FundiTurubai

Anaweza, wengi wanacho kibano chake. Mwambie aweke kipande cha ngozi au tyubu upande wa ndani kabla ya kupiga, kanvasi peke yake huchomoka kwenye jicho baada ya muda. Na tundu liwe sehemu isiyoangaliana na gurudumu, la sivyo tairi itakuwa inapulizia maji ndani.